Chumba Kilichojengwa Kabla ya Mgeni

Andika subrutini ya mistari mitatu katika lugha ya Perl. Mstari wa kwanza utangaze kigeu kimoja kwa neno my, wa pili uchape anwani ya kigeu hicho katika kumbukumbu ya kompyuta, wa tatu urudi kwa aliyeita. Kisha iite mara kumi. Vitabu vingi vya kufundishia vinasema kwamba kigeu cha ndani huzaliwa subrutini inapoitwa na hufa inapomaliza, kwa hiyo mtu angetazamia vizazi kumi na vifo kumi. Kinachotokea kwenye skrini ni anwani moja, ileile, mara kumi.

Anayeijua C atasema hakuna la ajabu hapo, kwa kuwa C nayo hupanga vigeu vya ndani juu ya rundo, kimoja kikiondoka kingine hukaa palepale. Basi lisogeze jaribio hatua moja. Iite subrutini hiyohiyo kutoka ndani ya nyingine, na hiyo nyingine iitwe na ya tatu. Katika C, rundo likishapanda, anwani nayo huhama. Katika Perl haihami. Kigeu kina mahali pake, na mahali hapo hapajali nani kamwita nani. Siku nilipoliona hilo nilitaka kujua limetoka wapi, na kulifuata kulinirudisha hadi enzi ambayo kompyuta nyingi zilikuwa bado michoro kwenye karatasi.

Mwishoni mwa 1945 Alan Turing aliandika ripoti ya mashine iliyopewa jina ACE, iliyokusudiwa kujengwa katika maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza. Alihitaji njia ya kuiacha kazi moja katikati, kwenda kufanya nyingine, kisha kurudi palepale ilipoachwa. Njia yake aliiita kuzika na kufukua: kabla ya kuondoka unazika anwani ya kurudia, ukimaliza unaifukua, na kilichozikwa mwisho ndicho kinachofukuliwa kwanza. Miaka michache baadaye, pale Cambridge, mashine ya EDSAC ilianza kazi tarehe 6 Mei 1949, na David Wheeler akabuni mruko unaobeba jina lake hadi leo. Subrutini ya Wheeler iliandika anwani ya kurudia ndani ya mwili wake yenyewe, katika amri yake ya mwisho. Ilikuwa mbinu safi, lakini ilikuwa na sharti moja zito: subrutini haikuweza kujiita. Wito wa pili ungefuta anwani ya wito wa kwanza, na njia ya kurudi ingepotea.

Fortran ya IBM, iliyotolewa 1957 na kundi la John Backus, ilipata subrutini zake mwaka uliofuata na kurithi sharti hilohilo. Kila kigeu kilipewa anwani moja ya kudumu kabla programu haijaanza kukimbia. Ilikuwa rahisi na ya haraka, na kwa mahesabu ya wahandisi ilitosha. Liweke hilo akilini, kwa maana Perl itapita karibu sana na nyumba hii ya zamani.

Mlango wa upande wa pili ulifunguliwa kwa simu. Februari 1960, Peter Naur alikuwa Copenhagen akimalizia kuhariri ripoti ya lugha ya ALGOL 60. Adriaan van Wijngaarden alimpigia kutoka Amsterdam, akisema pia kwa niaba ya Edsger Dijkstra, na kupendekeza sentensi moja iongezwe: kwamba jina la subrutini likitajwa ndani ya mwili wake yenyewe, maana yake ni kuiita. Naur aliikubali. Kwa sentensi hiyo ALGOL ikaruhusu subrutini kujiita, na kila aliyetaka kuitekeleza lugha hiyo akalazimika kujibu swali ambalo Fortran ililikwepa. Ikiwa subrutini moja inaishi mara tano kwa wakati mmoja, kigeu chake kinakaa wapi? Dijkstra na Jaap Zonneveld walijibu kwa vitendo. Kufikia Agosti mwaka huohuo kompaila yao ilikuwa inafanya kazi kwenye mashine ya Electrologica X1, na vigeu vya ndani vilikuwa juu ya rundo, kila wito na tabaka lake.

Upande wa Marekani, John McCarthy na wenzake wa MIT walikuwa wameanza Lisp mwaka 1958, nao walikuwa na shida ya namna nyingine. Katika Lisp ya mwanzo, jina la kigeu lilitafutwa kwa kufuata mlolongo wa walioitana. Aliyekuita akiwa na kigeu chenye jina unalolitaja, basi hicho ndicho utakachokipata, hata kama wewe ulikuwa na kingine kichwani ulipoandika. James Slagle aliandika programu ambayo kwa macho ilikuwa sahihi, ikatoa jibu baya, akalalamika. Mwanzoni ilidhaniwa ni kosa dogo la kurekebishwa jioni moja. Ilichukua muda mrefu kukubali kwamba tatizo lilikuwa katika maana yenyewe ya jina: je, jina ni la pale lilipoandikwa, au la pale linapotamkwa? Scheme ya Gerald Sussman na Guy Steele, mwaka 1975, ilichagua pale lilipoandikwa, ikashikilia hapo.

Perl ilizaliwa baada ya yote hayo, tarehe 18 Desemba 1987, lakini haikuanzia pale wengine walipofika. Mtunzi wake, Larry Wall, hakuwa mtu wa nadharia za kompaila. Yeye na mkewe Gloria walikuwa wamesomea isimu kule Berkeley kwa nia ya kutafuta lugha isiyo na maandishi, pengine hapa Afrika, waitungie namna ya kuandikwa na kuitafsiria Biblia. Afya haikuruhusu, safari ikafa, naye akaishia kwenye kompyuta. Mimi ninayeandika kwa Kiswahili siwezi kuipita habari hiyo haraka. Alama anazotanguliza Wall mbele ya jina, moja kwa kitu kimoja, nyingine kwa orodha, nyingine kwa jedwali la majina na thamani, mtu aliyekulia katika ngeli huzizoea kwa siku moja: kichwa cha neno kinakuambia ni cha aina gani kabla hujafika mwisho wake.

Katika matoleo ya mwanzo ya Perl neno la kutenga kigeu lilikuwa local, na utenganisho wake ulikuwa wa mkopo. Kigeu kilibaki kuwa cha wote. Kilichofanyika ni kwamba thamani yake ya zamani iliwekwa kando kwenye rundo la akiba, thamani mpya ikakalia nafasi, na subrutini ilipomaliza ya zamani ikarudishwa. Kila subrutini iliyoitwa katikati iliiona thamani mpya, ipende isipende. Ni Lisp ya Slagle iliyorudi miaka thelathini baadaye. Programu fupi zilistahimili. Ndefu zilianza kuugua, na ugonjwa ulikuwa mgumu kuutafuta kwa sababu mgonjwa na aliyemwambukiza walikaa kurasa nyingi mbali.

Perl 5 ilitolewa tarehe 17 Oktoba 1994 ikiwa na neno jipya, my. Mwanaisimu alichagua kimilikishi: hiki ni changu. Chini ya neno hilo dogo kuna kifaa ambacho watu wa Perl hukiita pad, nami hapa nitakiita daftari.

Kompaila ya Perl inaposoma programu na kukutana na my ikitangulia jina, hufanya mambo mawili papo hapo. Kwanza, huandika jina hilo katika orodha ya majina ya subrutini, pamoja na alama zinazoonyesha linaanza kuonekana wapi na linakoma wapi. Pili, hulipa namba, na kwenye namba hiyo ndani ya daftari huweka kigeu chenyewe, kikiwa tupu lakini kamili. Kwenye mashine za biti 64 kichwa cha kigeu kimoja kina baiti 24: 8 za kielekezi, 4 za hesabu ya marejeo, 4 za bendera zinazosema kimebeba nini, na 8 za mwisho zinazoshika thamani au njia ya kuifikia. Baada ya hapo amri za programu hazilitaji jina tena. Zinabeba namba tu. Amri ikikimbia, huenda kwenye daftari lililo wazi, huhesabu hadi namba yake, na kuchukua kilichopo.

Kwa hiyo chumba hujengwa kabla mgeni hajafika. Mfano unaonisaidia ni gesti. Subrutini ni gesti yenye vyumba vilivyopewa namba siku ya ujenzi, na chumba namba 0 kimewekwa kwa mizigo ambayo aliyeita ameikabidhi. Vipo pia vyumba visivyo na jina mlangoni, ambavyo kompaila hujitengea kwa majibu ya katikati ya hesabu: ukiandika jumla ya vitu viwili, jumla hiyo nayo inahitaji pa kukaa kwa muda.

Na mgeni anapoondoka? Hapa ndipo Perl ilipochukua uamuzi wake wa kipekee. Neno my, mbali na kazi yake wakati wa kusomwa, lina kazi ndogo wakati wa kukimbia: huacha kijikaratasi kwenye rundo la akiba kinachosema chumba namba fulani kisafishwe tukimaliza. Mwishoni mwa kipande hicho cha programu Perl husoma kijikaratasi, huenda chumbani, na kuangalia hesabu ya marejeo. Ikiwa ni 1, maana yake hakuna mwingine mwenye ufunguo, basi chumba husafishwa na kuachwa kikisubiri. Hakibomolewi. Ikiwa ni zaidi ya 1, kuna mtu nje anayekishikilia, na Perl haimnyang'anyi: humwachia chumba chote kiwe chake, kisha hujenga kipya na kukipa namba ileile. Ndiyo sababu ukirudia jaribio la mwanzo huku ukiweka rejeo la kigeu kwenye orodha kila unapoita, anwani kumi zitatoka tofauti. Ukiziacha ziende, inarudi moja.

Nasema bila kusita kwamba huo ni ubunifu mzuri. Kasi ya Fortran imebaki, kwa kuwa subrutini ya kawaida haijengi chochote inapoitwa. Uhuru wa Scheme umepatikana, kwa kuwa kigeu kinaweza kuishi zaidi ya subrutini yake. Na sentensi ya Amsterdam nayo ina jibu. Subrutini inapojiita, Perl hutazama kina cha wito. Kina cha pili kikifikiwa kwa mara ya kwanza hufungua daftari la pili lenye namba zilezile na vyumba vingine. Niliandika subrutini ya faktoria, nikaiita kwa 50, kisha nikahesabu kilichomo kwenye orodha yake ya madaftari kwa moduli B, aliyoianzisha Malcolm Beattie. Vitu vilikuwa 51: orodha ya majina, na madaftari 50. Kazi ilikuwa imekwisha na jibu limetolewa, lakini madaftari yote 50 yalikuwa bado yapo, yamesafishwa, yakisubiri siku subrutini itakapojiita tena hadi kina hicho. Ukiwasha maonyo, Perl hukutahadharisha subrutini inapofikia kina cha 100.

Uzuri huo ulikuwa na bei, na waliolazimika kuilipa walikuwa watu wa tovuti.

Mwaka 1996 ilitolewa mod_perl, iliyoipachika Perl ndani ya seva ya Apache. Kabla yake, kila ombi la ukurasa liliwasha Perl upya, likaisomesha programu, likaizima. Sasa Perl ilibaki hai, na kasi iliruka. Ili programu za zamani zisihitaji kuandikwa upya, moduli ya Apache::Registry ilizichukua kama zilivyo na kuzifunga ndani ya subrutini moja kubwa, ikawa inaiita subrutini hiyo kila ombi lilipokuja. Wengi wa waandishi wa programu hizo hawakujua kwamba zimefungwa.

Sasa fikiria programu iliyotangaza kwa my, juu kabisa, jina la mteja, na chini yake ikawa na subrutini inayolichapa. Ilipokuwa peke yake, mambo yalikuwa sawa. Ikishafungwa, subrutini ya kuchapa ikawa imo ndani ya subrutini nyingine, na yenyewe ina jina, kwa hiyo hutengenezwa mara moja tu, wakati wa kusomwa. Wakati huohuo ndipo inapochukua ufunguo wa chumba cha mteja. Ombi la kwanza linafika: subrutini ya nje inaandika jina chumbani, ya ndani inalisoma, ukurasa unatoka safi. Ombi linakwisha. Perl inasoma kijikaratasi, inaona hesabu ya marejeo ni 2, inamwachia mwenye ufunguo chumba chake na kujenga kipya. Ombi la pili linafika, la mteja mwingine. Subrutini ya nje inaandika jina lake katika chumba kipya. Ya ndani bado ina ufunguo wa zamani, na kwenye ukurasa wa mteja wa pili linatokea jina la mteja wa kwanza.

Ongeza kwamba Apache iliendesha michakato kadhaa kwa pamoja, kila mmoja na kumbukumbu yake na mteja wake wa kwanza, na utaelewa walivyohangaika. Ukipakia ukurasa upya, jina lilibadilika kutegemea mchakato upi umekuhudumia. Wapo walioamini kompyuta imeharibika. Na bado Perl ilikuwa imesema mapema, kwa yeyote aliyewasha maonyo, kwamba kigeu hicho hakitaendelea kuwa cha pamoja. Ni onyo la maneno machache, sahihi kabisa, na asiyejua habari ya vyumba hawezi kulielewa hata akilisoma mara mia. Dawa ilikuwa nyepesi: mkabidhi mteja mlangoni kama mzigo, usimtegemee chumbani.

Kuna mlango mwingine uliofichua ujenzi huo, nao ulifunguliwa na wajanja. Andika my na kigeu chako, kisha malizia kwa sharti ambalo haliwezi kutimia kamwe. Kompaila imeshasoma, chumba kimeshajengwa. Lakini wakati wa kukimbia sharti linaruka sehemu ya pili ya kazi ya my, kijikaratasi hakiachwi, na chumba hakisafishwi. Thamani ya wito uliopita inabaki ikikungoja. Watu waliitumia hila hiyo kwa miaka mingi kuhesabu mara ambazo subrutini imeitwa. Perl 5.10, iliyotolewa tarehe 18 Desemba 2007, siku lugha ilipotimiza miaka 20, ilileta neno state kwa kazi hiyo halali, na toleo la 5.30 la mwaka 2019 likaigeuza hila kuwa kosa linalosimamisha programu. Naikubali hukumu hiyo, ingawa sijapata kuona mfano mfupi kuliko ule wa kumfundishia mtu kwamba chumba kipo hata mgeni asipokuwepo.

Bei nyingine niliilipa mwenyewe. Nilikuwa na programu ya kukaa macho siku nzima ikisoma mafaili, na subrutini yake moja ililisoma faili zima ndani ya kigeu kimoja cha my. Siku faili kubwa kuliko yote lilipopita, programu ilivimba, na haikusinyaa tena. Nilitafuta uvujaji kwa siku mbili, na hakuna kilichokuwa kinavuja. Perl ilipokisafisha chumba haikutoa samani: nafasi iliyochukuliwa na maandishi yale marefu ilibaki pamoja na kigeu, kwa imani kwamba mgeni ajaye huenda naye ni mkubwa. Kukitamkia kigeu undef kabla ya kutoka kulitosha kuitoa samani, na nafasi ile ikawa huru kutumiwa na vigeu vingine.

Yote haya yanaweza kutazamwa kwa macho, na hilo si jambo la kawaida. Kompaila ya C ikishamaliza kazi, majina ya vigeu vya ndani hutupwa isipokuwa umeomba yabaki kwa ajili ya kusaka makosa. Perl haiwezi kuyatupa, kwa sababu programu inaweza kuunda maandishi mapya ikiwa inakimbia na kuyasomesha papo hapo kwa neno eval, na maandishi hayo yana haki ya kutaja vigeu vilivyo karibu kwa majina yao. Kwa ajili ya haki hiyo orodha ya majina hubaki. Robin Houston aliitumia kutengeneza PadWalker, moduli inayoweza kupanda kwa aliyekuita na kukuletea vigeu vyake vya ndani, kila kimoja na jina lake. Mtaalamu wa hisabati Ilya Zakharevich aliandika Devel::Peek, inayochapa kila kilichomo ndani ya kigeu au subrutini: bendera, hesabu ya marejeo, kina cha wito, daftari. Kigeu ambacho subrutini imekishika kutoka kwa ile iliyo nje yake huchapwa kikiwa na neno la Kiingereza lenye maana ya bandia, kwa kuwa jina limo katika orodha lakini chumba kilijengwa kwenye gesti ya jirani.

Jana usiku niliandika subrutini moja yenye my mbili na sikuiita kabisa. Niliipitisha kwenye Devel::Peek bila kuikimbiza. Kina cha wito kilikuwa 0. Chini yake kulikuwa na majina mawili, namba mbili, na mbele ya kila namba anwani yake tayari, na hesabu ya marejeo ikisoma 1.